Rudi, Upite Tena

Siku nilipovuka kutoka Kasindi kuingia Bwera, nilikuwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Mtu mwenye kamera akaniambia kupitia mkalimani: "Mama, samahani, rudi kidogo, upite tena." Nikarudi, nikapita. Mara ya tatu akaomba nisimtazame. Nilitii, nikifikiri labda chakula kiko upande huo.

Nilikuwa nimeshasahau. Juzi nilikuja Hima kumwona mama mdogo, na jioni binamu yangu akafungua kompyuta, tukatazama filamu ya mwaka 2010 ya Yael Hersonski, mwanamke wa Israeli: A Film Unfinished. Malori ya simenti yanapita nje, sisi tunaongeza sauti.

Mambo yenyewe ni haya. Mei 1942, Wanazi wa Ujerumani waliingiza wapiga picha katika geto la Warsaw, Poland, mtaa wenye ukuta ambamo walikuwa wamewafungia Wayahudi zaidi ya laki nne. Walipiga picha watu wanaokufa njaa barabarani. Wakapanga pia wengine waliovaa vizuri, wakila mezani, ili ionekane eti Myahudi tajiri hamjali ndugu yake. Kazi hiyo hawakuimaliza. Baada ya vita mikanda ilipatikana, na kwa miaka mingi vipande vyake vikaonyeshwa kama maisha ya geto yalivyokuwa. Mwaka 1998 ukapatikana mkanda mwingine, wa vipande vilivyoachwa. Humo unaona jambo lilelile linarudiwa: watu wanapita, wanarudishwa, wanapita tena.

"Simamisha," nikasema.

"Kuna nini, yaya?"

Nikamwambia habari ya godoro.

Sisemi aliyenipiga picha ni sawa na wale. Hapana kabisa. Wale walikuwa wauaji: Julai mwaka uleule walianza kuwapakia watu haohao kwenye treni, kwenda kuwaua Treblinka. Wangu pengine alitaka tusaidiwe. Ila njaa iliyo ndani ya picha inaweza kuwa ya kweli, na picha bado ikadanganya.

Hersonski aliwaketisha wazee walionusurika geto mbele ya picha hizo, waseme wenyewe. Mama mmoja aliogopa asije akamwona mama yake akipita. Nilimwelewa. Kwake hao hawakuwa "Wayahudi wa geto". Walikuwa majirani.

Picha yangu sijui iko wapi. Wewe wa shirika unayesoma hapa, ukiikuta, usiitupe. Sina picha nyingine ya mwanangu akiwa mdogo hivyo. Lakini chini yake andika kwamba huyu mama alipita mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anakimbia vita. Mbili zilizobaki aliombwa. Na kama una nafasi, njoo uniulize jina.