Eskoti

Mama alipoiona bunduki alirudi garini, akafunga mlango.

Ilikuwa Julai 2025, saa moja na nusu asubuhi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya Ziwa Burigi. Askari wa hifadhi, kijana wa rika langu, alitueleza kwamba tunaweza kushuka na kutembea hadi karibu na maji, ilimradi tukae nyuma yake na tusipige kelele. Kisha akaitoa bunduki nyuma ya kiti, akaikagua, akaitundika begani.

"Ni kwa ajili ya nyati, mama," alimwambia kupitia dirishani. "Na viboko. Mimi sijawahi kuitumia."

"Nyati tu?" Mama akauliza.

"Nyati tu, mama."

Mama akacheka, kicheko cha mtu aliyetajiwa bei ndogo kuliko ile aliyoiogopa. Lakini hakushuka. Nilitembea na yule askari peke yangu, nikaona nyamera kwa mbali na mgongo wa kiboko mmoja, nikaandika kwenye daftari. Niliporudi Mama alikuwa amekaa vilevile, mkoba mapajani, kama mtu aliye ndani ya basi.

Nilikuwa pale kwa sababu ya shule. Nasoma shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inawahusu watu wanaoishi kando ya hifadhi hii, iliyoundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori matatu ya akiba: Biharamulo, Burigi na Kimisi. Kilometa za mraba 4,707. Mama alikuwa pale kwa sababu tulikuwa tunakwenda Ngara kwa bibi, na kwa sababu anaamini mtoto wa kike hapiti njia ile peke yake, hata akiwa na miaka 27 na barua ya utafiti yenye mihuri miwili.

Muhula uliotangulia, mhadhiri mmoja alituletea darasani kijitabu cha safari za meli huko Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia. Wenyewe wanaziita safari za uvumbuzi. Abiria wanashushwa kwa mashua za mpira, wanatembea ufukweni saa moja au mbili, wanarudi melini kula. Katika visiwa vya Svalbard, ambavyo ni vya Norwei, viongozi wao hubeba bunduki kwa sababu ya dubu weupe. Kila ukurasa ulikuwa na neno moja au jingine la kusema kwamba huku hakufikiki: mbali, ukiwa, mwisho wa dunia. Bei sitaitaja. Mwenzetu mmoja aliigeuza kuwa shilingi kwenye simu yake, akaifuta haraka kama mtu aliyefungua picha mbaya.

Picha iliyonibakia ni ya Ittoqqortoormiit, mji mdogo wa mashariki mwa Greenland, wenye watu mia tatu na kitu, ambako bahari hufungwa na barafu karibu miezi 9 ya mwaka. Wageni waliovaa makoti mekundu wanapanda njia ya changarawe kati ya nyumba za mbao za rangi rangi. Kwenye dirisha la nyumba mojawapo amesimama mwanamke ameshika kikombe. Anawatazama.

"Hiyo si kama Ngara tu, bila barafu?" alisema mtu nyuma yangu.

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, na ndilo linaloniuma mpaka leo, maana hakuna pale aliyejua kwamba mama yangu amezaliwa Ngara. Utani huo nimeusikia tangu sekondari. Mwalimu akipangiwa Ngara, wenzake wanampa pole. Daktari akipangiwa Biharamulo, anatafuta mjomba wizarani. Na si utani wa leo. Mwaka 1861 Speke alipokuwa akitafuta chanzo cha Nili alipita Usui, ndiyo nchi ya Wasubi, sehemu ya Biharamulo ya sasa, akakwama huko akidaiwa hongo na mtemi Suwarora. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Kitabu chake kinalalamika sana kuhusu ucheleweshaji huo. Nilipokisoma maktabani nilijikuta niko upande wa Suwarora: mgeni amekuja na msafara wa watu na mizigo, hajaalikwa, na anashangaa kuulizwa anakwenda wapi.

Lakini nilikuwa nikieleza kuhusu Mama na bunduki.

Babu yangu alifia hospitali Mwanza, Novemba 2005. Nilikuwa na miaka 7. Ninachokumbuka ni kivuko cha Kigongo kwenda Busisi: jeneza nyuma ya pikapu limefunikwa turubai la bluu, na wauza ndizi wakishusha sauti walipofika kwenye gari letu, kisha wakizipandisha tena kwenye gari la nyuma. Sasa pale kuna daraja la kilometa 3, lililofunguliwa Juni 2025. Safari hii tulilipita kwa dakika chache, na Mama akasema, "Kumbe ni hapa tu?" Kisha akanyamaza mpaka Geita.

Baada ya kivuko sikumbuki kitu. Nililala. Niliamka Ngara, baridi, watu wengi wakilia. Kwa miaka 20 niliamini kwamba safari ilikuwa ya siku moja.

"Ilikuwa ya siku mbili," Mama alisema. Tulikuwa bado kando ya ziwa. Yule askari alikuwa akisafisha kioo cha mbele. "Tulilala njiani na babu yako."

Kwa asiyejua: miaka ile hukuweza kukatiza mapori ya Biharamulo kwenda Ngara vivi hivi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa saa 24, wakajazana Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Bibi huyasimulia hayo kwa kifupi mno. Husema mto Kagera ulileta maiti, na watu wakaacha kula samaki. Hapo humaliza. Kambi zilipofungwa, na vita vya Burundi vikiendelea ng'ambo, silaha zilibaki mikononi mwa watu, na pori likawa la majambazi. Mabasi yakawa yanakusanyika, yanapewa askari wenye bunduki, yanapita kwa msafara. Eskoti. Neno hilo kila mtoto wa Kagera wa umri wangu analijua kabla ya kujua maana yake. Ukiikosa eskoti, unalala.

"Tulifika Lusahunga saa kumi na moja jioni," Mama alisema. "Eskoti imekwishaondoka. Dereva anasema twende, mjomba wako anasema twende, maiti ina siku tatu. Mimi nikasema nina mtoto. Nikakataa kupanda gari."

"Halafu?"

"Halafu ikanyesha."

Walisogeza pikapu chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Giza lilipoingia walikuja wanawake wawili, kisha wa tatu. Hawakuuliza mengi. Mmoja alileta jiko la mkaa, mwingine sufuria ya ndizi na maharage. Walikaa na Mama pembeni ya jeneza mpaka alfajiri, wakaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ndogo ili nisiamke, na mmojawapo alinilaza kwenye kitanda chake pamoja na watoto wake. Asubuhi msafara ulipoandaliwa, askari mmoja alikosa nafasi kwenye mabasi. Akaja kwenye pikapu, akaomba ruhusa ya kukaa nyuma. Mjomba akamwonyesha pembeni ya jeneza. Yule askari akavua kofia yake, akaiweka juu ya goti, bunduki juu ya goti la pili, akakaa hivyo pori zima.

"Sikuwauliza majina," Mama alisema. "Wale wanawake. Nilikuwa nalia, nikaondoka. Miaka yote hiyo nasema nitapita."

Ndipo nilipouelewa mkoba. Tangu Mwanza alikuwa hauachi mkononi. Ndani yake mlikuwa na doti tatu za kanga, mpya, bado na karatasi ya dukani.

Usiku ule tulilala Biharamulo mjini. Nilifungua daftari ili niandike kuhusu ziwa, nikashindwa. Katika pendekezo langu la utafiti nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba eneo hili ni "pori lisiloguswa". Nililitoa kwenye kijitabu cha kutangaza vivutio, na msimamizi wangu alilipitisha bila neno. Nikajaribu kuhesabu waliopita hapo: Wasubi na mtemi wao, Speke na wapagazi wake, Wajerumani walioacha boma juu ya kilima mjini, wakimbizi, majambazi, askari, Mama. Nikaufuta mstari ule.

Kesho yake tulifika Lusahunga saa nne. Sasa ni njia panda yenye kelele: malori ya kwenda Rwanda na Burundi yamejipanga, vijana wanauza maji na mahindi ya kuchoma, bodaboda kila upande. Mama aliteremka, akasimama barabarani akijizungusha polepole. Hakulitambua lolote. Kibaraza hakipo, au kipo na kimepakwa rangi ya kampuni ya simu.

Tuliingia mgahawa wa kwanza wenye mtu mzima. Mama lishe alikuwa na umri wa kumpita Mama kwa miaka kama kumi, kitenge kiunoni, anamenya ndizi bila kuzitazama.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Chai ipo, chapati zimeisha."

Tukaagiza chai. Mama akamweleza. Alianza vizuri, akakatika katikati, akaanza tena. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi.

"Mwezi gani?" akauliza.

"Wa kumi na moja."

"Jeneza la rangi gani?"

"Hatukulipaka. Mbao tupu."

"Ah. Mengi hayakupakwa, mdogo wangu." Akaichukua ndizi nyingine. "Waliolala hapa na maiti ni wengi. Kuna wiki tulilala na misiba miwili. Mlikula nini?"

"Ndizi na maharage."

"Basi si mimi. Mimi mwaka ule maharage yangu yaliliwa na wadudu." Akafikiri. "Labda ni yule wa nyumba ya nyuma. Yeye keshahamia Runzewe kwa mwanawe. Au marehemu dada yangu. Dada alikuwa anaimba sana."

Mama alimtazama kama mtu anayetafuta uso ndani ya uso mwingine. Niliogopa atalia. Kwa kweli nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kuandika kuhusu tukio hilo, jinsi watakavyokumbatiana, na nikaona aibu. Hawakukumbatiana. Mama alifungua mkoba, akatoa zile doti tatu, akaziweka mezani kati ya vikombe.

"Nilizileta kwa ajili yao," alisema.

Yule mama akafuta mikono kwenye kitenge. Akaikunjua doti moja, akaisoma maandishi kimyakimya, midomo ikicheza, akaipapasa ukingo kwa vidole viwili kama wanavyofanya dukani. Nje konda alikuwa akiita Ngara, Ngara, Kabanga, nafasi mbili.

"Eskoti hakuna siku hizi?" Mama akauliza, ingawa jibu alilijua.

"Ilikwisha zamani. Sasa tunalalamikia tembo." Akaikunja kanga ilivyokuwa, akazipanga zote tatu juu ya rafu, karibu na chupa ya chai. "Yule wa Runzewe huwa anakuja Krismasi. Akija nitampa, nitamwambia ametoka kwa nani. Jina lako nani?"

Mama akalitaja jina lake. Yule mama akalirudia mara mbili, polepole.

"Na hizi nyingine?" nikauliza.

"Moja ni ya dada, kwa hiyo ni ya binti yake. Ya tatu mwenyewe simjui." Akaitazama rafu. "Asipopatikana nitavaa mimi."

Chai ilikuwa shilingi 600. Mama akatoa noti ya 2,000, akasema asirudishiwe. Yule mama akaingia ndani kutafuta chenji, akakaa muda mrefu, akarudi na sarafu, akazihesabu kwenye kiganja cha Mama moja baada ya nyingine mpaka zikatimia.