Kitanda cha Zimamoto Mweusi

Kila ninapofundisha habari za utumishi wa umma humtaja Wesley Williams, askari wa zimamoto wa New York. Aliripoti kazini Januari 1919 katika kituo cha Engine 55, Manhattan, akiwa Mweusi pekee. Kapteni wake alistaafu siku hiyohiyo. Wenzake waliomba uhamisho, wakanyimwa kwa mwaka mzima. Kunyimwa huko nakuthamini kuliko hotuba nyingi za haki.

Baba yake, James, alikuwa mkuu wa wachukuzi wa mizigo, wale wavaa kofia nyekundu, katika stesheni ya Grand Central. Abebaye masanduku ya wakubwa hujuana na wakubwa, naye hakuona haya kuwaomba wamwandikie mwanawe barua za sifa. Je, huko ni kubebwa? Sidhani. Kijana alipata alama 100 katika mtihani wa nguvu za mwili, ila kwa mtu wa rangi yake alama pekee hazikutosha.

Alipanda: luteni 1927, kapteni 1934, mkuu wa batalioni 1938. Hata hivyo mwaka 1940 ilibidi aongoze kuundwa kwa Vulcan Society, maana vituoni Weusi walikuwa bado wakitengewa kitanda chao. Wanaume walioshika mpira mmoja ndani ya moshi mmoja, usiku wanaogopana shuka!

Alistaafu 1952. Mwaka 2014 jiji lilikubali kulipa takriban dola milioni 98 kumaliza kesi ya ubaguzi katika mitihani ya kuajiri zimamoto, na miongoni mwa wadai ilikuwamo Vulcan Society.