Jeshi Likikulipia Udaktari wa Saikolojia, Siri za Mteja ni za Nani?

Wasee, kuna kitu kimenikalia kichwani wiki nzima.

Binamu yangu alienda Marekani na wazazi wake akiwa mdogo, wakaingia kwa green card, baadaye akawa raia. Sasa amepata nafasi ya kusomea udaktari wa saikolojia, ile digrii inaitwa PsyD. Shida ni hii: wanaosoma PhD mara nyingi hulipiwa na chuo, lakini wa PsyD wengi hujilipia. Mkopo wake ungemzeesha. Ndipo jeshi likabisha hodi.

Mpango wenyewe unaitwa HPSP, uko tangu 1972. Wengi huujua kwa madaktari, lakini wanasaikolojia pia huchukuliwa. Jeshi linalipa karo yote, vitabu, na posho ya zaidi ya dola 2,000 kila mwezi. Lazima uwe raia wa Marekani, kwa hivyo kama uko Rongai unatafuta mahali pa kujaza fomu, pole, hii si yako. Ukisaini unakuwa afisa wa akiba, na ukimaliza masomo unawatumikia, kwa kawaida mwaka mmoja kwa kila mwaka waliokulipia.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo. Usitarajie nimcheke mtu anayelipiwa. Miaka minne kazini, tena na mshahara wa afisa? Tuseme ukweli, hiyo si bei mbaya.

Bei yenyewe iko kwingine. Mwanasaikolojia wa kawaida anamjibu mtu mmoja: yule aliyeketi mbele yake. Wa jeshi ana kamanda pia. Kanuni ya Pentagon inasema asimwambie kamanda kuwa askari fulani anatibiwa, isipokuwa kwa sababu maalum. Akitaka kujiua, sawa. Akitaka kuumiza mtu, sawa. Lakini kuna ingine: akiwa hatari kwa operesheni. Sasa hiyo ni pana kiasi gani? Askari anakuambia halali, mikono inatetemeka, na wiki ijayo anapelekwa vitani. Wewe ni daktari wake na una cheo begani. Unafanyaje?

Na hii si hofu ya bure. James Mitchell na Bruce Jessen walikuwa wanasaikolojia wa jeshi la anga la Marekani, kwenye mafunzo ya askari ya kuvumilia mateso wakitekwa. Walipostaafu, baada ya Septemba 2001, CIA iliwalipa wabuni njia za kuwahoji washukiwa, hadi kummwagia mtu maji usoni ahisi anazama. Elimu ileile, imegeuzwa tu. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilingoja hadi 2015 ndipo kikapiga kura kuwazuia wanachama wake kushiriki mahojiano ya usalama wa taifa.

Lakini pia askari ni watu. Wetu wameingia Somalia tangu Oktoba 2011, na waliotoka El Adde wakiwa hai mwaka wa 2016 walihitaji mtu wa kuwasikiliza anayejua jeshi ni nini. Kwa hivyo sijamwambia binamu akatae.

Nilimwambia amuulize anayemsajili swali moja kabla ya kushika kalamu: kamanda akitaka siri ya mteja wangu nami nikatae, nani ananilinda? Na jibu liwe kwa maandishi. Anasema yule jamaa alicheka kwanza, halafu akasema atauliza. Bado anangoja.