Simu ya Binti Yangu na Dhana Yangu Mbaya



Ndugu zangu na dada zangu mnaolisoma jarida hili huko Pwani, juma hili sitaandika juu ya mlango wowote wa fiqhi wala wa sira. Nataka kuwaeleza kosa nililolifanya nyumbani kwangu mwenyewe, hapa Nakuru, kwa sababu ya simu. Nimemwomba binti yangu idhini, naye amenipa kwa masharti mawili: nisilitaje jina lake, na akina mama na wasichana wapate faida ndani yake.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini huu ni mwaka wa ishirini na mbili tangu nilipokuja Bondeni kusomesha madrasa. Nakuru niliyoikuta siyo hii. Tangu Desemba 2021 ni jiji, na ukipita katikati yake utaona maduka ya simu yamepangana mlango kwa mlango, kila moja na bango lake na kipaza sauti chake. Mimi mpaka juzijuzi nilikuwa na simu ya vitufe, hizi tuziitazo kabambe, iliyonitosha kwa kupiga, kupokea na kutuma pesa kwa M-Pesa. Moyoni mwangu niliamini kwamba atakaye zaidi ya hapo, ataka kujionyesha tu.

Nilikuwa nimeibeba dhana hiyo jioni moja ya Shaaban, binti yangu aliporudi kutoka Njoro anakosoma. Alinijia baada ya sala ya Isha, nami niko barazani na wageni wawili. Akasema amejiwekea akiba ya shilingi 18,000 kwa kuchora hina katika maharusi, na aniomba nimwongezee anunue iPhone. Si mpya, ila iliyokwisha kutumiwa, ya toleo la mwaka 2019, ambayo muuzaji ameitaja kwa shilingi 35,000.

Badala ya kumwuliza sababu, nilimwambia mbele ya wageni: "Mwanangu, wataka tufaha lililong'atwa ili wenzako wakuone?" Wageni wakacheka, nami nikacheka nao. Yeye akasema, "Haya, baba," akaingia ndani.

Kaka yake, ambaye kila simu mpya inayotoka anaijua, aliniunga mkono siku ya pili. Alisema kwa pesa zile dada yake angepata Android mpya yenye nafasi ya kadi ya kuongezea hifadhi, ambayo iPhone haina. Nikamwomba anifahamishe tofauti ya vitu hivi viwili, naye akanieleza vizuri. iPhone ilitoka mwaka 2007, na kampuni ya Apple huitengeneza simu na mfumo wake wa kuiendesha, vyote kwa pamoja. Android ni mfumo wa Google. Simu ya kwanza kuutumia iliuzwa mwaka 2008, na leo mfumo huo umo katika Samsung, Tecno, Infinix, Xiaomi na nyinginezo. Ndiyo maana Android hupatikana kwa kila bei, na iPhone haishuki bei ila imeshazeeka. Nilifurahi kwa maelezo hayo, nikajiona kwamba hukumu yangu ilikuwa ya haki.

Siku ya tatu mama watoto alinifungia mlango wa chumba. Akaniambia, "Bwana, umemvunja moyo mtoto na hujui lililompata."

Ndipo nilipoyasikia ambayo binti yangu aliona haya kunieleza. Mwezi wa Rajab kioo cha simu yake kilipasuka, akaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi alimwomba neno la siri ili aijaribu simu akishamaliza, naye akampa, kama wanavyofanya wengi. Aliporudi baada ya saa mbili alimkuta fundi na mwenzake wameinamia simu ile, wakizitazama picha za harusi ya binti ammi yake, zilizopigwa ndani kwa wanawake, wasichana wakiwa bila mitandio. Alimnyang'anya simu, akaondoka akitetemeka. Asijue kama picha zile zimeshahamishwa au la. Kwa muda wa mwezi mzima hakulala vizuri. Mwenzake mmoja chuoni akamwambia kwamba iPhone haifunguliwi na mtu yeyote. Basi ndiyo iliyokuwa sababu.

Wasomaji wangu, mimi nilimtuhumu kwamba ataka kuonekana, kumbe alikuwa akitafuta sitara.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimeisomesha Suratul Hujurat miaka mingi, nami nawafahamisha watoto kwamba katika aya yake ya 12 Mwenyezi Mungu ametukataza mambo mawili kwa pamoja: kudhaniana vibaya na kupelelezana. Fundi yule alikuwa na hatia ya la pili. La kwanza lilikuwa langu.

Usiku ule nilimwomba binti yangu msamaha. Lakini neno nililisema mbele za watu, na jeraha la hadharani haliponi kwa dawa ya faraghani. Nikawaalika wageni wale wale kwa kahawa, nikawaambia kwamba binti yangu alikuwa na sababu ya haki na mimi nilimdhulumu. Sababu yenyewe sikuwatajia, nao hawakuuliza.

Kisha, kwa ridhaa yake, mimi na mjomba wake tulikwenda kwa fundi. Tulimkumbusha kwamba kuingia katika simu ya mtu bila idhini yake ni kosa hata kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2018 inayohusu makosa ya kompyuta. Kijana aliinamisha kichwa, akatuonyesha simu yake, tusione kitu, akaomba radhi. Kama alituambia kweli yote, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Baada ya hapo mimi na binti yangu tukaketi kuichagua simu upya, safari hii kwa kuuliza kwanza. Tulilolifahamu mapema ni kwamba iPhone na Android za sasa zote zina kufuli madhubuti ya kumzuia mwizi. Lakini kufuli haimzuii uliyempa ufunguo. Laiti simu ile ingekuwa iPhone, naye akampa fundi neno la siri, mambo yangekuwa yale yale. Kwa hiyo sitara yake haikuwa katika jina la simu.

Hata hivyo iPhone ina sifa zake, na insafu yanitaka nizitaje. Apple huzipelekea simu zake maboresho ya usalama kwa miaka mingi; hata ile ya 2019 ilikuwa ingali ikiyapata mwaka 2025. Na tangu 2021 programu yoyote ndani yake hulazimika kuomba ruhusa kabla ya kukufuatilia katika programu nyingine. Upande wa Android hali hutofautiana kwa mtengenezaji na kwa bei: zipo zinazoahidiwa maboresho ya miaka sita, na zipo za bei nafuu zinazosahauliwa baada ya mwaka au miwili. Anayenunua na aulize ahadi hiyo kabla ya kuuliza rangi. Kuzeeka kwa simu nako kuna hasara yake: tangu Mei 2025 WhatsApp haifanyi kazi katika iPhone 5s wala iPhone 6. Atakayeuziwa hizo kwa urahisi na akumbuke kwamba rahisi huvunja upishi.

Tulikwenda kuitazama ile ya 35,000. Binti yangu alimwomba muuzaji aifute yote na kuiwasha upya mbele yetu. Alipofanya hivyo, simu ikadai neno la siri la akaunti ya mtu mwingine. Muuzaji akasema, "Sheikh, usijali, kuna kijana atawafungulia." Nikamwuliza mwenye akaunti ni nani na yuko wapi, hakuwa na jibu. Simu iliyofungwa kwa jina la mtu asiyejulikana huenda imeibwa, na mwenye dhana yenye nguvu kwamba kitu ni cha wizi si halali kwake kukinunua. Tukashukuru, tukatoka.

Duka la jirani lilikuwa na simu za kulipia kidogo kidogo kila siku. Kwa wanaouliza, jamhuri ya wanazuoni wameruhusu bei ya deni kuzidi bei ya taslimu, maadamu bei ni moja, inajulikana, na imekatwa siku ya mkataba. Ikiwa deni litaongezeka kwa sababu umechelewa kulipa, hiyo ni riba. Vilevile zingatia kwamba simu za namna hiyo hujifunga usipolipa. Binti yangu alisema hataki simu ambayo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine, na neno lake lilinipendeza.

Mwisho alichagua Samsung mpya, ya bei ya kati, yenye ahadi ya maboresho ya miaka mingi. Nilimwongezea shilingi 6,000. Aliyechagua ni yeye. Mimi nilibeba mfuko tu.

Faida aliyoitaka iwafikie ni hii. Kabla simu haijakwenda kwa fundi, hamisheni picha zenu, kisha ifuteni yote ikiwezekana, na mtoe kadi ya hifadhi na laini. Baadhi ya simu za Samsung zina hali maalumu ya matengenezo, ambayo fundi huijaribu simu bila kuona picha wala ujumbe wa mwenyewe, iulizieni. Neno la siri msimpe mtu. Ikiwa simu lazima ijaribiwe, kaeni hapo hapo, mwifungue kwa mkono wenu. Katika Suratun Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini, na simu ya mwanamke leo ni chumba katika nyumba yake.

Nanyi akina baba wenzangu, mtoto akija na ombi, mwulizeni sababu kabla ya kumtolea hukumu. Mimi nilifanya mzaha wa maneno machache, na kwa siku tatu binti yangu alikaa peke yake na hofu yake chini ya paa langu.

Sasa kila Jumamosi baada ya Alasiri huwaonyesha akina mama wa madrasa yetu namna ya kuzifunga simu zao, za Android na za iPhone pia. Juzi mmoja alimwuliza ipi ni bora. Akamjibu, "Mama, kwanza niambie unaitakia nini." Nikajua kwamba swali ambalo mimi sikumwuliza, yeye hatamnyima mtu.

Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, na atujaalie tuwe sitara kwa wenzetu. Wabillahi tawfiq.