Vivuli vya Visu Ukutani

Kijana aliyekuja kubomoa jiko la marehemu mjomba wangu, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, alisimama na nyundo mkononi akaniuliza, "Mzee, haya ni madude gani? Au ni uganga?"

Sikumlaumu. Ukuta wa jiko lile, kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa, ulikuwa umejaa michoro ya rangi nyeusi: kisu kikubwa, kisu kidogo, upawa, mwiko, kung'uto, msukumio wa chapati, na katikati yake mbuzi ya nazi iliyolala ubavu, ambayo kwa asiyejua inafanana na korongo aliyevunjika shingo. Juu ya kila mchoro palikuwa na msumari ulioshika kutu. Nikamjibu kuwa hayo ni mambo ya ndege.

"Ndege, mzee? Jikoni?"

"Ndege za shirika la Afrika Mashariki."

"Kwani Afrika Mashariki iliwahi kuwa na shirika la ndege?"

Hapo nilipindua ndoo, nikaikalia. Kijana alikuwa analipwa kwa siku, nami ndiye niliyekuwa nampotezea muda, lakini kuna maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu akiwa wima.

Mjomba alikuwa fundi wa ndege Embakasi, Nairobi. Mtaani kwetu Tanga sifa yake ilikuwa kubwa kuliko ya rubani, kwa kuwa rubani hatukuwahi kumwona, na mjomba alikuja kila mwaka na kanzu mpya na redio. Likizo za shule nilipelekwa kwake kwa basi kupitia Mombasa. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na mlango wa nyuma ndio uliokuwa na shughuli, maana mkaza mjomba hakuruhusu ile ovaroli ivuke kizingiti. Ilivuliwa nje, ikatundikwa kwenye kamba yake peke yake, mbali na nguo za watu.

Harufu ya ovaroli ile ndiyo utoto wangu. Mafuta ya ndege yananuka kama mafuta ya taa, ila ni makali zaidi, yanapanda puani na kukaa nyuma ya macho. Ndani yake mlikuwa na grisi, mpira ulioungua, na sabuni ya Lifebuoy iliyojaribu kuyaondoa yote hayo ikashindwa. Nilikuwa nikienda nyuma ya nyumba kunusa mkono wa ovaroli kama mtu anayenusa halua. Mpaka leo nikipita mahali wanapopima mafuta ya taa, namgeukia mtu ambaye hayupo.

Jumapili alitupeleka kiwanjani. Zamani hizo kutazama ndege kulikuwa matembezi kamili: watu walivaa, watoto walipakwa mafuta, tukapanda kwenye roshani ya kupungia wasafiri tukanunuliwa soda. Sisi tuliijua kila ndege. Dakota, mzee wa kazi, aliyekaa na mkia chini kama bata. Friendship, mwenye mabawa juu na injini zinazopiga ubinja. Na malkia mwenyewe, VC10, injini nne zimebanwa nyuma na mkia umeinuka kama wa nge. Ikiruka hiyo, kifua chako kinatetemeka na soda inatetemeka chupani. Watoto wote tulitazama juu. Mjomba peke yake alitazama chini.

"Mjomba, mbona hutazami?"

"Wewe tazama mabawa," alinijibu, maana naye aliniita mjomba. "Mimi natazama miguu."

Siku moja alinionyesha ubao wa karakana. Ulikuwa mrefu kama mlango, na kila chombo kimechorewa umbo lake: spana kwa ukubwa wake, bisibisi, koleo, nyundo. Fundi akichukua spana, kivuli chake kinabaki kikikodoa macho. Kazi ikiisha, ubao lazima ujae. Ukibaki na kivuli kimoja kitupu, hakuna anayekwenda nyumbani mpaka chombo kionekane, maana huenda kimesahaulika ndani ya injini. "Ubao wenye pengo, ndege haitoki," alisema. Nilidhani ni methali. Ilikuwa kanuni ya kazi.

Kisha ikaja ajali ya Addis Ababa. Kumbukumbu yangu inashikilia kwamba ilikuwa Jumapili, kwa sababu namwona mjomba amevaa kanzu. Nimeangalia: ni tarehe 18 Aprili 1972, siku ya Jumanne. Basi na iwe Jumanne, ila kanzu alikuwa ameivaa.

VC10 yetu, iliyoandikishwa Uganda, ilikuwa imetoka Nairobi ikielekea London kupitia Addis Ababa na Rome. Ilipokuwa inakimbia iruke kutoka Addis Ababa, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma, kitako cha jeki, kilichodondoka kutoka kwenye kindege kidogo kilichotangulia. Tairi likapasuka. Rubani akaamua kusimama, na breki hazikushika inavyotakiwa. Ndege ikapitiliza mwisho wa njia, ikatumbukia bondeni na kuwaka moto. Ndani walikuwamo watu 107. Wakafa 43.

Habari ya jeki ilifika karakana mapema. Ya breki ilichukua muda zaidi: wachunguzi walikuta kuwa sehemu ya mfumo wake ilikuwa imeunganishwa isivyo wakati wa matengenezo. Mjomba alikuwa fundi wa Friendship, VC10 hakuwa akiigusa. Lakini mkaza mjomba alinisimulia baadaye kwamba kwa majuma kadhaa mumewe aliamka usiku, akakaa kitandani, akafungua na kufunga vidole hewani kama anayerudia kazi aliyoifanya zamani, akitafuta pale alipokosea. Kila fundi siku zile aliipekua mikono yake mwenyewe.

Likizo iliyofuata nilimkuta amenunua kopo dogo la rangi nyeusi. Akatundika visu vya jikoni ukutani kimoja kimoja, akavizungushia brashi. Upawa, mwiko, msukumio. Mbuzi ilimsumbua kwa ule mdomo wake. Mkaza mjomba alisimama mlangoni akitazama.

"Nilidhani nimeolewa na mtu," akasema. "Kumbe nimeolewa na karakana."

Tangu hapo jiko halikulala na pengo. Jirani akiazima kisu, mjomba alisimama mbele ya kivuli kile na kuuliza kwa upole, kila baada ya nusu saa, kisu kimekwenda wapi. Ilikuwa aibu. Mkaza mjomba aliacha kuazima watu vitu, na mtaani akapata jina la uchoyo asilostahili.

Watu wengi walimwuliza kama anaogopa kupanda ndege. Jibu lake halikubadilika: "Ndege siiogopi. Naogopa haraka." Na mwaka 1974, jumbo la Lufthansa lilipoanguka pale pale Embakasi likaua watu 59 kati ya 157, hakusema mengi. Vipande vya mbele vya mabawa, vinavyotakiwa kutoka ili ndege ishike hewa, havikuwa vimetoka, kwa kuwa vali za hewa ya kuvisukuma hazikufunguliwa. Jitu zima lile, la ghorofa, na vali. Baada ya hapo jumbo zikawekewa onyo la kumpigia rubani kelele. Mjomba alikuwa na imani hiyo moja: kila king'ora ndani ya ndege kina kaburi nyuma yake.

Shirika likafa. Mjomba alirudi Tanga na familia, magodoro mawili na sanduku la vyombo ambalo watu wawili hawakuweza kulinyanyua. Kabla vitanda havijafungwa alikuwa keshachora ukuta huu. Miaka yote iliyobaki alitengeneza malori ya mkonge, na malori yale, nawaapia, yalipata heshima ya ndege.

Yeye ndiye aliyenipandisha ndege mara ya kwanza, miaka ya themanini, Friendship kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Tumbo langu lilikuwa limenisaliti tangu alfajiri. Mama alikuwa amenisomea dua mpaka akaishiwa na mate. Mhudumu aliposimama mbele kueleza mikanda na milango, nilikuwa nimefumba macho. Nikapigwa kiwiko cha mbavu.

"Fumbua. Hesabu viti hadi mlangoni."

"Kwa nini, mjomba?"

"Moshi ukiingia utatumia macho gani?"

Nilihesabu. Vilikuwa vinne nyuma yangu. Ajabu ni kwamba hofu iliondoka wakati ule ule, kwa kuwa ilikuwa imepewa kazi. Tulipotua watu walipiga makofi, na wanawake wawili wakapiga vigelegele. Leo ukipiga makofi ndani ya ndege unaonekana mshamba.

Leo! Mhudumu anasimama kueleza, na abiria nusu wamezibwa masikio na muziki, wengine wanapiga picha za bawa wazitume kabla mtandao haujakatika. Gurudumu likigusa lami tu, mikanda inalia kwa pamoja kama bisi, watu wako wima wanavuta mabegi. Na hao hao ndio watakaokwambia wanaogopa sana ndege, kisha jioni wanapanda bodaboda watatu bila kofia.

Mwaka 1996 mjomba alikuwa mzee tayari. Wateka nyara waling'ang'ania ndege ya Ethiopia ipelekwe Australia, mafuta yakaisha, rubani akaishusha baharini karibu na ufuko wa Ngazidja. Kati ya watu 175 walikufa 125. Miongoni mwao walikuwamo waliojaza hewa jaketi okozi wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia jaketi zikawapandisha darini, mlango ukabaki chini yao. Mhudumu huwa anasema: usijaze hewa mpaka utoke nje. Mjomba aliposikia alikaa kimya, kisha akauliza, "Waliambiwa?" Nikamjibu kuwa bila shaka waliambiwa. "Basi hawakusikilizana."

Alifariki 2004. Ajali ya ndege ya Abidjan aliisikia, ya mwaka 2000, iliyoua watu 169. Ya Douala hakuisikia, wala ya ndege ya Yemenia iliyoanguka Komoro 2009 akapona msichana mmoja tu. Wala ile ya Machi 2019 iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi: watu 157, idadi ile ile ya waliokuwamo kwenye jumbo la Embakasi, na safari hii hakutoka hata mmoja. Hiyo nashukuru hakuiona. Ndege ya aina ile ile ilikuwa imeanguka Indonesia miezi isiyotimia mitano nyuma, kompyuta ikisukuma pua chini kwa kuamini kipimo kibovu. Pengo lilikuwa limekwisha kuonekana ubaoni, na ndege zikaendelea kutoka.

Kisha Bukoba, 6 Novemba 2022. Sote tuliutazama ule mkia wa ndege ukiwa umesimama majini, karibu kabisa na kiwanja, na wavuvi na mitumbwi na kamba zao. Walikuwamo 43, wakafa 19, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao. Tulilia, tulimsifu kijana mmoja mvuvi, tuliuliza maswali mazuri sana. Juma lililofuata tukarudi kwenye mpira.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akiwa ameegemea mpini. Akasogea ukutani akahesabu kwa kidole. Vivuli kumi na kimoja. Vyombo vyenyewe vimeshagawiwa ndugu, isipokuwa kisu kidogo ambacho mkaza mjomba alimwazima mtu siku ya matanga ya mumewe, siku pekee ambayo hapakuwa na wa kuuliza. Hakikurudi.

"Nivunje, mzee?"

Nikamwambia avunje. Mnunuzi anataka fremu mbili za duka, na ukuta si msikiti. Pigo la tatu mbuzi ikaanguka, vumbi likajaa.

Jioni, wakati wa kuondoka, tairi la gari langu lilikuwa limelala. Nikafungua buti nitoe jeki. Haikuwamo. Nilisimama pale nikijaribu kukumbuka nilimwazima nani, na lini, na kijana akaniangalia kwa upole, bila kusema neno.