Namba na Mipaka Yake

Nilipoanza kazi ya takwimu za afya wilayani Masasi, miaka ya tisini, kila jambo lilikuwa na namba moja tu. Vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, vilikuja kutoka zahanati, tukajumlisha, tukagawa, tukaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa za kubandika ukutani: vizazi hai, vifo, kiwango. Namba ikishabandikwa, hakuna aliyeuliza inatuhakikishia nini.

Na namba zile zilihukumu watu. Katika kikao kimoja cha tathmini, mganga mfawidhi wa zahanati moja alisimamishwa mbele ya wenzake kwa kuwa vifo vya watoto wachanga kwake vilipanda kutoka vitatu hadi sita. Mwingine, ambaye katika vizazi 60 hakupata kifo hata kimoja, alipigiwa makofi. Tulipotoka nje, mkunga wa ile zahanati ya kwanza, mama mtu mzima, aliniambia: "Mwanangu, mikono ni ile ile ya mwaka jana." Sikuwa na jibu la kumpa, wala mfumo wetu haukuwa nalo.

Jibu lilikuwepo duniani tangu zamani. Mwaka 1937 mwanatakwimu wa Poland, Jerzy Neyman, alieleza namna ya kuizungushia namba mipaka miwili, wa chini na wa juu, kiasi kwamba uchunguzi ukirudiwa mara nyingi kwa njia ile ile, mipaka hiyo itaibeba thamani ya kweli mara 95 katika kila 100. Lakini majarida ya tiba yalichukua miaka mingi kuikubali kama desturi. Mwaka 1986 Martin Gardner na Douglas Altman waliandika katika British Medical Journal wakiwasihi watafiti waache kutangaza tu kwamba tofauti "ipo" au "haipo", waoneshe ni kubwa kiasi gani na uhakika wake unaishia wapi.

Kwangu mimi elimu hiyo ilifika baada ya kuhamia Newala, juu ya uwanda. Mwaka 2004 watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara walifanya uchunguzi wa kaya katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, Newala na Tandahimba zikiwemo, wadadisi wakiingiza majibu moja kwa moja kwenye kompyuta ndogo za mkononi. Mwaka 2007 walirudi, safari hii wakipita kila kaya. Katika ripoti zao, pembeni ya kila kiwango palikuwa na namba mbili nyingine. Nilijifunza kuzisoma hizo kwanza.

Ndipo nikaelewa maneno ya yule mama. Chukua kata yenye vizazi hai 200 kwa mwaka, ambako kiwango halisi ni vifo 30 kwa kila vizazi hai 1,000. Utategemea vifo sita. Lakini hata kama hakuna aliyebadili chochote katika kazi yake, mwaka mmoja vinaweza kuwa viwili na mwaka mwingine kumi na kimoja. Na ile zahanati ya vizazi 60 bila kifo? Matokeo yake yanapatana hata na kiwango cha karibu 50 kwa 1,000. Mmakonde hahukumu mkorosho kwa msimu mmoja. Sisi tulihukumu watu kwa mwaka mmoja.

Mfano ulionifunza zaidi ulitoka huku huku kwetu. Kati ya 2010 na 2013, wanawake wa kujitolea walitembelea wajawazito na wazazi nyumbani kuwashauri juu ya kumtunza mtoto mchanga, katika jaribio lililohusisha kata 132 za wilaya sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Waliojifungulia kwenye vituo vya afya walikuwa asilimia 82 katika kata zilizotembelewa na 75 katika nyingine: uwiano wa odds (waliofanya kugawa kwa wasiofanya, kundi moja dhidi ya jingine) wa 1.5, mipaka 1.2 hadi 2.0. Kwa waliojifungulia nyumbani, mikono safi ya mzalishaji ilikuwa asilimia 92 dhidi ya 88: uwiano ule ule wa 1.5, lakini mipaka 1.0 hadi 2.3. Ukibandika ukutani 1.5 peke yake, mambo haya mawili yanalingana. Ukisoma mipaka, la kwanza limesimama imara. La pili, kwa kuwa waliozalia nyumbani walishakuwa wachache, linagusa mahali pa kutokuwa na tofauti kabisa. Vifo vya wachanga vilishuka kutoka 35.0 hadi 30.5 kwa kila vizazi hai 1,000, na watafiti wakasema wazi kwamba hakukuwa na ushahidi kuwa matembezi yale ndiyo yaliyookoa maisha. Niliheshimu sana ukweli huo.

Taifa zima lilihitaji somo hilo hilo. Makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalikuwa 454 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi wa 2010, kisha 556 katika ule wa 2015-16. Wengi walisema akina mama sasa wanakufa zaidi. Mipaka ya kwanza ilikuwa 353 hadi 556, ya pili 446 hadi 666. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha ongezeko.

Mipaka haiponyi kila kitu. Haimhesabu mtoto aliyezikwa bila kuandikwa kwenye kitabu chochote; huyo anahitaji mtu wa kwenda kumuulizia. Lakini kwa wale tuliowahesabu, mipaka ni haki yao. Leo watafiti wengi huichapisha, ilhali vikao vingi vya wilaya na vijiji bado vinapelekewa namba moja. Zahanati ndogo ijumlishiwe miaka mitatu kabla ya kupimwa, na pembeni ya kila kiwango kinachosomwa mbele ya wananchi iandikwe mipaka yake. Mkunga anayeulizwa kuhusu vifo sita anastahili kwanza kuambiwa ni vingapi vingeweza kutokea kwa bahati tu.