Majani Mekundu ya Oktoba

Kamusi zitakuambia kwamba msimu wa Ulaya wa kupukutika kwa majani ni vuli. Litumie neno hilo kwa hadhari. Vuli ya pwani ya Uswahilini ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Haina habari na majani yanayokufa.

Hapa Puta, ufukoni mwa Ziwa Mweru, miti ya miombo huchipuza majani mekundu mnamo Septemba na Oktoba, kabla ya mvua kutulia, kisha hugeuka kijani. Wekundu ule ule ambao Ulaya ni wa kuaga, kwetu ni wa kuzaliwa.

Basi tulipooka keki ya tarehe 24 Oktoba, siku Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, mpwa wangu alitaka kuipamba kwa majani ya kahawia, kama alivyoona pichani.

“Shangazi, si ndiyo mapambo ya Oktoba?”

“Ya Oktoba ya nani?” nikamuuliza.

Akatoka nje, akautazama mti kitambo. Aliporudi alilitia donge la sukari rangi nyekundu, akakata majani machanga kwa kisu kidogo. Kipande cha kwanza alipewa babu yake, aliyezaliwa kabla ya uhuru.